Maili Zikungoje: Mwongozo kwa Msafiri wa Mara Mojamoja

Mwongozo huu ni wa mtu anayepanda ndege pale tu maisha yanapomtaka apande. Mwaka huu anakwenda Dubai kufuata mzigo wa Idi. Mwaka ujao ni Umra. Baada ya hapo ada za shule zinameza kila kitu, na pasipoti inalala kabatini hadi mpwa wake wa Leicester atangaze harusi. Akifika kaunta ya uwanja, binti mwenye skafu shingoni anamuuliza, "Mama, una namba ya uanachama?" Anajibu kwamba hana, na maili zake zinabaki kwa mwenye ndege. Nataka azichukue, maana amekwisha kuzilipia ndani ya nauli. Nataka pia zisimtawale, kwa sababu wapo watu wazima wenye akili timamu wanaolala kwenye viti vya chuma vya uwanja wa tranziti usiku kucha, wakiwa wameiacha ndege ya moja kwa moja, ili wapate maili mia nane.

Kwanza ujue mambo haya yalitengenezwa kwa ajili ya nani. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliacha kuyapangia mashirika ya ndege nauli, nayo yakaanza kunyang'anyana abiria. Texas International ilijaribu kuhesabu maili za wateja wake mwaka 1979. Lakini mpango uliobadilisha biashara nzima ni AAdvantage ya American Airlines, ulioanza tarehe 1 Mei 1981. American ilikuwa na mfumo wa kompyuta wa tiketi ulioitwa Sabre, na ndani yake mlikuwa na majina ya wanaosafiri kila mara. Ikawafuata haohao. United ilijibu ndani ya siku chache kwa mpango wake. Mlengwa alikuwa bwana wa Dallas au Chicago anayeondoka Jumatatu na kurudi Alhamisi, kwa tiketi inayolipwa na kampuni yake. Mezani pale hakuna aliyemfikiria mama mwenye duka Kariakoo, na kila sharti utakalokutana nalo bado lina marashi ya yule bwana wa Dallas.

Kisha ujue pesa inakotoka. Mwaka 2020, ndege zilipoegeshwa kwa sababu ya korona, Delta ilikopa dola bilioni 9 na kuweka rehani mpango wake wa SkyMiles. Mwaka uliofuata American ikafanya hivyohivyo na AAdvantage, ikapata bilioni 10. Hakuna benki inayopokea rehani ya tabasamu na shukrani kwa wateja. Iliyowekwa pale ni biashara kamili: mashirika huyauzia mabenki maili kwa fedha taslimu, mabenki huzigawa kwa wateja wanaotumia kadi zao, na Mmarekani anaweza kujaza akaunti bila kunusa uwanja wa ndege. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California, David Phillips, aligundua kwamba bidhaa za chakula za Healthy Choice zilikuwa zikitoa maili kwa lebo. Akanunua vikombe 12,150 vya pudini kwa takriban dola 3,140, akawapa Jeshi la Wokovu (Salvation Army) pudini, nao wakamsaidia kubandua lebo. Alivuna zaidi ya maili milioni 1.2.

Kwetu pudini hiyo haipo. Kadi za benki zinazotoa maili ni chache, na wengi wetu tunalipa kwa simu au kwa noti. Maili zetu zinapatikana kwa makalio kukaa kwenye kiti cha ndege, basi. Kwa hiyo zinakuja polepole, na kinachozimaliza kabla hazijafaa ni kalenda.

Ndiyo maana swali la kwanza la kuuuliza mpango wowote, kabla ya rangi ya kadi na kabla ya idadi ya nchi ambako ndege zinatua, ni hili: nikikaa kimya, maili zangu zitaishi muda gani? Mwenye kusafiri kila wiki hana haja ya kuuliza. Wewe usipouliza umekwisha.

Majibu yanapishana mno. Maili za Skywards, mpango wa Emirates, kwa kawaida huishi miaka 3, kisha hufa mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa. Shirika linakutumia heri na msiba ndani ya mwezi mmoja. Flying Blue, unaotumiwa na Air France na KLM, humpa mwanachama wa kawaida miezi 24. Asiposafiri safari inayohesabika ndani ya muda huo, maili zinafutwa. Qatar Airways ilihamia kwenye pointi za Avios mwaka 2022, nazo hudumu miezi 36 tangu harakati ya mwisho. Harakati yoyote, hata ya pointi chache, huanzisha hesabu upya. Halafu kuna wale walioondoa ukomo kabisa: Delta mwaka 2011 na United mwaka 2019. Ukizaa, ukijenga, ukiuguza mzazi, ukirudi kwenye akaunti yako ya SkyMiles au ya MileagePlus, mpango wa United, baada ya miaka sita, utazikuta maili zako zimekaa palepale.

Utaniuliza: mimi na Delta wapi na wapi? Wala haiji Dar es Salaam. Swali ni zuri, na jibu lake ndilo litakalokufaa kuliko yote yaliyomo humu.

Mashirika makubwa yamejikusanya katika miungano mitatu. Star Alliance ulianzishwa mwaka 1997, na humo kwa upande wetu yumo Ethiopian tangu 2011, pamoja na Turkish, EgyptAir, Lufthansa, Brussels Airlines na United. Oneworld ulianza 1999. Una Qatar Airways, British Airways, Royal Air Maroc, na tangu Juni 2025 Oman Air. SkyTeam ni wa mwaka 2000, nao una Kenya Airways, KLM, Air France, Saudia na Delta. Ndani ya muungano mmoja unaruhusiwa kupanda ndege ya huyu na kuandikisha maili kwa yule. Huhitaji kibali cha mtu. Unachofanya ni kumpa mkata tiketi namba ya mpango ulioutaka wewe, badala ya namba ya shirika ambalo jina lake limechorwa mkiani mwa ndege.

Chukua mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou kupitia Addis Ababa kila mtaji unapokaa sawa. Akiingiza namba ya MileagePlus kwenye tiketi yake ya Ethiopian, maili zinakwenda United, na huko hazina siku ya kufa. Zikitosha, anazitumia kukata tiketi ya Ethiopian ileile, wala hatalazimika kuiona ndege ya United maishani mwake. Zaidi ya hayo, United haiongezi tozo ya mafuta kwenye tiketi za maili, jambo ambalo mashirika kadhaa hulifanya bila haya. Msafiri wa Nairobi anayetegemea Kenya Airways (KQ) anaweza kufanya vivyo hivyo kwa namba ya Delta. KQ ina mpango wake, Asante Rewards, na zamani ilikuwa ndani ya Flying Blue. Ukiruka na KQ mara nyingi, kaa nayo. Ukiruka nayo kwa harusi na misiba, peleka maili mahali zitakapokaa.

Kuna wanaosema huko ni kulikosea shirika la nyumbani uaminifu. Sikubaliani nao hata kidogo. Uaminifu wako kwa shirika umo kwenye nauli uliyolipa. Maili ni chenji yako, na chenji mtu huiweka anapoona iko salama.

Kabla hujashika kalamu, angalia miungano yenyewe, maana wakazi wake huhama. China Southern, ambayo wafanyabiashara wa Guangzhou wanaijua vizuri, iliondoka SkyTeam mwanzoni mwa 2019. SAS ya Skandinavia, mmoja wa waasisi watano wa Star Alliance, ilihamia SkyTeam mwaka 2024. Na Emirates haimo katika muungano wowote. Maili zake zinazunguka kwake, kwa flydubai, na kwa washirika wachache iliowachagua. Kwa mtu ambaye Dubai ndiyo safari yake ya kila mwaka, tena anayetumia flydubai kutoka Dar au Zanzibar pale bei inapokuwa nafuu, Skywards inatosha, kwa kuwa ataitumia kabla miaka 3 haijaisha. Kwa aliyekwenda Dubai mara moja kuangalia jengo refu, itamfia mikononi. Familia zilizogawanyika kati ya Unguja na Muscat sasa zina bahati ambayo hazikuwa nayo zamani: safari za Oman Air zinaweza kuhesabiwa upande wa Avios, na Avios zikichokonolewa kidogo kila baada ya mwaka au miwili hazifi.

Sasa twende kwenye herufi, mahali ambapo watu wengi wanapunjwa wakiwa macho. Kwenye tiketi yako, karibu na namba ya ndege, kuna herufi moja inayosimama peke yake: Y, M, Q, O, na nyingine. Hilo ndilo daraja la nauli. Ninyi wawili mnaweza kukaa viti vinavyogusana, mkala kuku uleule, mkasikia mtoto yuleyule akilia, na mwenzako akapata maili kwa umbali wote huku wewe ukipata robo au sifuri kwa sababu herufi yako ni ya nauli ya chini. Kila mpango una jedwali la herufi kwa kila shirika mshirika, na limewekwa hadharani kwenye tovuti. Mwambie wakala wako, "Kaka, niambie herufi kabla hujakata." Wakala mzuri atakwambia mara moja. Akikuuliza herufi gani, tafuta mwingine.

Tofauti ya njia za kuhesabu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mashirika makubwa ya Marekani yalianza kutoa maili kwa pesa uliyolipa, badala ya umbali uliokwenda, kuanzia 2015, na Flying Blue ikafuata mwaka 2018: mwanachama wa kawaida hupata maili 4 kwa kila euro ya nauli, bila kodi. Tuseme tiketi ya KLM kutoka Dar es Salaam hadi Amsterdam na kurudi ni euro 900, na 300 kati ya hizo ni kodi. Zinabaki 600, mara 4, unapata maili 2,400. Na umeruka zaidi ya maili 9,000, umevuka Sahara mara mbili! Tiketi ya bure ya masafa marefu hudai makumi ya maelfu ya maili. Piga hesabu mwenyewe ni harusi ngapi za wapwa zitahitajika, na kila baina ya harusi mbili pasipite miezi 24.

Kwa hesabu hiyo hutafika peke yako, kwa hiyo usiende peke yako. Mipango kadhaa huruhusu familia kuweka maili pamoja, na kwa maisha yetu hilo lina thamani kuliko mapambo mengine yote. Emirates huruhusu hadi watu 8 katika akaunti moja ya familia. Inafanya kazi kama mchango wa harusi: bibi aliyekwenda Umra mara moja ana maili ambazo peke yake hazimfikishi popote, baba ana za safari ya mzigo, mtoto wa chuo ana za kwenda na kurudi, na zikikaa kwenye mkoba mmoja mtu mmoja anasafiri. Watoto nao hupata maili pale wanapolipiwa kiti, lakini wazazi wengi huwaandikisha kwenye tiketi na kuwasahau kwenye mpango. Ukiwa na watoto watatu na wote mmekwenda likizo, umeacha maili nyingi kuliko ulizochukua. Waandikishe leo.

Kadi ya dhahabu iache. Nalisema hili kwa upendo, maana najua inavyopendeza kuitoa pochini mbele ya shemeji. Mwenye hadhi ya Gold katika Star Alliance anapata launji, anapita mbele kwenye foleni, na anaongezewa kilo 20 au begi moja zaidi. Kwa mfanyabiashara, begi hilo ni pesa kabisa, na kama unakwenda China kila mwezi uifukuzie kadi hiyo kwa nguvu zote. Lakini hadhi hupimwa kwa safari za mwaka mmoja, na mwaka ukiisha inaanza kuhesabiwa upya. Msafiri wa mara mojamoja hatofika, na akijilazimisha atatumia mamia ya dola ili anywe chai ya launji ambayo angeinunua mgahawani. Akitaka kilo, atazame tiketi: shirika gani linaruhusu mabegi mawili ya kilo 23 na lipi linampa kilo 30 kwa jumla. Hapo ndipo faida au hasara ya mzigo wake inapoamuliwa, na maili hazihusiki.

Wala usiongeze hata shilingi moja kwenye nauli kwa sababu ya maili. Wanaozipima kwa makini huithamini maili moja kwa takriban senti moja ya dola, ikizidi au ikipungua kidogo kutegemea mpango. Maili 2,000 ni kama dola 20. Tiketi mbili zikitofautiana kwa dola 80, ile ya rahisi imeshinda, hata kama ile ya ghali ina rangi nzuri na binti wa kaunta alikuita "mwanachama wetu mpendwa". Usinunue maili pia, isipokuwa umebakiza chache sana kukamilisha tiketi uliyokwisha kuiona. Kwa kawaida wanaziuza kwa bei kubwa kuliko thamani yake, na barua pepe zao zenye neno "ofa" kwa herufi kubwa hazibadilishi hesabu hiyo.

Kuhusu neno "bure", lisome polepole. Tiketi ya maili inabeba kodi na ada za viwanja, na mara nyingine tozo ya shirika lenyewe. Uingereza hutoza kodi yake ya abiria anayeondoka iwe umelipa kwa pauni au kwa maili, na kwa safari ndefu kama ya kurudi Afrika Mashariki kodi hiyo si ya kubeza. Kabla ya kuzitoa maili, fungua kurasa mbili: ya tiketi ya maili pamoja na kodi zake, na ya tiketi ya pesa ya siku hiyohiyo. Tofauti ikiwa ndogo, lipa pesa na uzibakize maili kwa siku ambayo nauli imepanda.

Mashirika yetu ya ndani na ya jirani, kama Air Tanzania, Precision Air, RwandAir na Uganda Airlines, yako nje ya miungano mitatu. Shirika likiwa na mpango wake na wewe unapanda mara kwa mara kati ya Mwanza na Dar, jiunge, ni bure. Usitarajie tu kwamba safari hizo zitakusaidia kwenda Istanbul.

Kazi ya kujiandikisha ni ya dakika kumi, na ina mitego yake. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kama pasipoti inasema Mwanahamisi, usijiandikishe Mwana, hata kama mtaa mzima unakuita hivyo, kwa sababu mfumo ukiona majina mawili utazikataa maili. Tumia barua pepe yako mwenyewe, isiwe ya kijana wa duka la intaneti aliyekusaidia, maana atahama na nywila yako. Mpe wakala namba wakati wa kukata tiketi, kisha uikague tena kaunta, kwa kuwa safari moja huhesabiwa kwenye mpango mmoja tu, na namba iliyokwisha kuwekwa kimakosa inasumbua kuiondoa baadaye. Pasi za kupandia ndege zitunze hadi maili zitokee kwenye akaunti. Zisipotokea, mipango yote mikubwa ina fomu ya kudai, yenye muda wake wa mwisho, na inataka namba ya tiketi iliyo kwenye pasi hizo. Waliodai hulipwa. Kinachowakosesha watu wengi ni kutupa karatasi kwenye pipa la uwanja.

Na usikusanye mipango kumi. Nimeona simu za watu zina kadi za mashirika saba, kila moja na maili mia tisa, zote zikisubiri kufa. Chagua mmoja kwa muungano unaoutumia zaidi. Ukitumia miungano miwili, iwe miwili. Hakuna msafiri wa mara mojamoja anayehitaji wa tatu.

Zikishatosha, zitumie. Delta iliondoa jedwali lake la bei za maili mwaka 2015 na United mwaka 2019, kwa hiyo safari iliyogharimu maili kadhaa jana inaweza kugharimu zaidi kesho, na hutapata taarifa. Maili zisizokufa bado zinaweza kudhoofika. Desemba na siku za kuelekea Idi nafasi za maili ni adimu, kwa sababu viti hivyo mashirika yanaviuza kwa pesa bila shida. Tafuta Februari, Mei, Novemba mwanzoni, na uanze kutafuta miezi mingi kabla. Ukiiona nafasi, kata siku hiyohiyo. Wala si lazima usafiri wewe: mipango mingi inakuruhusu kumkatia mtu mwingine tiketi kwa maili zako, kwa jina lake, hata kama yeye hana akaunti. Kama mama yako hajawahi kupanda ndege, mkatie yeye, na umchagulie kiti cha dirishani.